Dereva wa Basi Naye ni Mfanyakazi

Tarehe 29 Novemba, 2023, basi la abiria liligongana na treni huko Manyoni, mkoani Singida, na watu 13 wakapoteza maisha. Kila inapotokea ajali ya namna hiyo, swali la kwanza ni moja tu: dereva alikuwa anafanya nini? Ni swali la haki. Treni haiwezi kukwepa, na ile ya mizigo huhitaji mamia ya mita, pengine kilometa nzima, kabla breki hazijaisimamisha. Anayepaswa kusimama ni dereva wa basi. Ubaya ni kwamba jibu la swali hilo likishapatikana, au likishadhaniwa kuwa limepatikana, jalada hufungwa.

Sisi tunaona jalada hilo hufungwa mapema mno. Katika mabasi mengi dereva huketi mbele kabisa, na kati yake na hatari pana kioo, bati jembamba na usukani. Basi likiingia ubavuni mwa treni, miguu na kifua chake ndivyo vinavyopokea pigo la kwanza. Akinusurika, mguu uliobanwa chini ya usukani huweza kumfanya asikanyage klachi tena maisha yake yote. Mtu wa namna hiyo hakuiendea treni kwa kupenda.

Mfano wa Ottawa, mji mkuu wa Kanada, unafaa kutazamwa. Tarehe 18 Septemba, 2013, basi la ghorofa liligongana na treni ya abiria. Dereva na abiria 5 walikufa. Ilikuwa rahisi kumlaumu marehemu, kwani taa zilikuwa zikimulika, vizuizi vimeshuka, na basi lilikuwa limezidisha mwendo kidogo. Wachunguzi hawakuishia hapo. Taarifa yao ya mwaka 2015 ilieleza kwamba karibu na kiti cha dereva palikuwa na kiwambo cha kumwonyesha abiria wa ghorofani, ambacho kazi yake ilimtaka akitazame. Kwamba barabara ilipinda karibu na reli. Na kwamba hapakuwa na kanuni iliyotaka mabasi ya aina hiyo yaweze kuhimili mgongano. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopangwa na dereva.

Hapa kwetu, reli ya kati ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilijengwa wakati ambapo hakuna aliyewaza basi la abiria 60 likiwahi Dar es Salaam. Reli mpya ya kisasa imejengwa ili isikutane na barabara: moja hupita juu, nyingine chini. Huko dereva hata akikosea, kosa lake halimfikishi mbele ya treni. Lakini reli ya zamani bado inabeba mizigo, na makutano yake na barabara bado yapo.

Lipo pia suala la fidia, ambalo halizungumzwi sana. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtambua anayeumia kazini. Je, dereva anayelipwa kwa safari, asiye na mkataba wa maandishi, atathibitishaje ajira yake akiwa kitandani, na tajiri wake anasema hamjui? Maafisa kazi wanalijua tatizo hili kuliko sisi.

Tungependa taarifa ya kila ajali ya aina hii ijibu mambo zaidi ya uzembe. Kibao kilikuwapo? Majani kandokando ya reli yalikuwa yamefyekwa ili treni ionekane mapema? Dereva alikuwa ameshika usukani kwa saa ngapi bila kupumzika, na nani alimpangia ratiba hiyo? Kufyeka majani ni kazi ya siku moja, haingojei bajeti ya mwaka ujao. Na mwenye basi adaiwe mkataba wa dereva siku anapoomba leseni ya njia, si siku dereva anapokatwa mguu.