Kichanga wa Miezi Sita Analindwa na Nani?

Wapo wazazi mkoani Singida, kuanzia Manyoni hadi Mkalama, wasemao kwamba chanjo ni shauri la kila mtu na mwanawe: anayetaka achanje, asiyetaka aache, hakuna anayedhuriwa. Kauli hiyo ingefaa kwa pepopunda, maana vijidudu vyake hukaa udongoni wala havimtoki mgonjwa kumwingia mwenziwe. Kwa surua si kweli hata kidogo.

Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huweza kuwaambukiza wengine 12 hadi 18. Tena huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea, wakati mama anadhani ni mafua tu na anambeba mwanawe kwenda naye mnadani. Akikohoa chumbani, virusi huweza kubaki hewani hadi saa mbili. Litazamwe benchi la zahanati: mtoto yule amekwisha kuondoka, kisha anaingia mama mwingine na kichanga wa miezi sita mgongoni. Hawakuonana, lakini surua imekwisha kuvuka.

Kichanga huyo afanyeje? Nchini Tanzania chanjo ya kwanza ya surua na rubella hutolewa mtoto akitimiza miezi 9, na ya pili miezi 18. Kabla ya hapo ana kinga kidogo tu aliyopewa na mama, nayo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Kinachobaki ni wale wanaomzunguka. Wataalamu wanakadiria kwamba surua hukosa njia pale watu wapatao 95 katika kila 100 wanapokuwa na kinga. Zile nafasi tano ni za wachanga na za wagonjwa wasioweza kuchanjwa. Mwenye mtoto mzima wa afya akizichukua, amewanyang'anya wanyonge.

Ndui ni shahidi. Mwaka 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, aliugua ndui. Baadaye alieleza kuwa aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa upesi, asiugue mwingine, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetoweka duniani. Maalin mwenyewe aligeuka mhimizaji wa chanjo ya polio, kazi aliyokuwa nayo hadi kifo chake mwaka 2013.

Basi wenye watoto waliopita miezi 18 bila kurudi kliniki, na warudi wiki hii. Dozi ya kwanza huwakinga watoto wapatao 85 katika 100; ya pili huwafikia karibu wote waliobaki. Chanjo hiyo haina malipo katika vituo vya serikali, na mfugaji aliyehamia malisho mengine aingie zahanati iliyo karibu naye, akiwa na kadi ya mtoto mkononi.