Jina la Kikoa kama Marejeo: Maoni kuhusu Seva za Nyumbani na DNS Badilifu

Mtaalamu wa lugha anayeweka mkusanyo wake wa matini au rasimu ya kamusi katika kompyuta ya nyumbani, ili wanafunzi na wanazuoni wenzake waufikie kwa intaneti, hukabiliwa na maswali mawili: auite kwa jina gani, na jina hilo litaendeleaje kuelekeza nyumbani kwake pale anwani inapobadilika? Aghalabu maswali haya huachiwa mafundi wa kompyuta. Maoni yanayotetewa hapa ni kwamba hayo ni maswali ya kitaaluma. Jina litakalochaguliwa ndilo litakaloandikwa katika marejeo ya tasnifu, na marejeo yasiyofika popote hayana tofauti na kitabu kisichopatikana katika maktaba yoyote.

Ieleweke kwamba tangu Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa majina ya vikoa mwaka 1983, jina na anwani vimekuwa vitu viwili. Anwani ya IP ni tarakimu za kuelekezea mashine. Jina ni neno la kukumbukwa na mtu. Anwani za toleo la nne ni kiasi cha bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya hazina kuu ya dunia yaligawiwa mwezi Februari 2011. Kutokana na uhaba huo, mteja wa kawaida hupewa anwani ya muda, ambayo huweza kubadilika ruta inapozimwa na kuwashwa. DNS badilifu hutatua tatizo hilo: programu ndogo ndani ya ruta au seva huitaarifu huduma ya majina kila anwani inapobadilika. Hata hivyo, pale mtoa huduma anapowapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, DNS badilifu pekee haifui dafu. Yafaa jambo hilo liulizwe mapema.

Kosa lililozoeleka ni kulifanya jina la bure linalotolewa na huduma ya DNS badilifu kuwa ndilo jina rasmi la kazi. Mwaka 2014 kampuni ya Dyn ilisitisha huduma yake ya bure. Mwaka 2023, Gabon ilipotwaa tena usimamizi wa kikoa chake cha .ga, majina mengi yaliyokuwa yamegawiwa bure na kampuni ya kigeni yalifutwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Njia iliyo salama zaidi ni kusajili jina lako mwenyewe, kwa mfano chini ya or.tz au me.ke, kisha kuweka rekodi ya lakabu inayolielekeza jina dogo ndani yake, tuseme "matini", kwenye lile jina la bure. Huduma ya bure ikifungwa, hubadilishwa rekodi moja tu, na marejeo yote yaliyokwisha kuchapishwa hubaki sahihi.

Katika uteuzi wa jina lenyewe, mwanaisimu ana la kusema kuliko fundi. Jina la seva huruhusu herufi za Kilatini, tarakimu na kistari kifupi. Kila sehemu haizidi herufi 63. Ritifaa haikubaliwi. Hivyo anayetaka kuiita kazi yake "ng'ara" ataandika "ngara", na msomaji atadhani inahusu Ngara ya Kagera. Aidha, nafasi kati ya maneno hupotea. "Hapa na pale" huwa "hapanapale", ambalo msomaji anaweza kulisoma "hapana pale", kinyume kabisa na kusudio. Kistari kifupi huweza kuondoa utata huo, lakini jina lisilokihitaji ni bora zaidi. Kipimo chepesi ni kumtamkia jina mtu asiyeliona kwa maandishi, kisha kumwomba aliandike.

Huenda ikadaiwa kwamba kazi za kitaaluma zikae chini ya ac.tz au ac.ke ya chuo. Dai hilo lina uzito, na palipo na seva ya chuo inayotunzwa vyema, hapana haja ya mjadala. Lakini wahadhiri hustaafu na kuhama, na si kila idara huzitunza kurasa za aliyeondoka.

Hata hivyo, jina la kujisajilia halimilikiwi milele. Hulipiwa kwa muda. Mwenye nalo akifariki bila mtu mwingine kujua tarehe ya malipo, jina huachwa, na yeyote aweza kulichukua na kuweka humo atakacho, ilhali tasnifu zinaendelea kuwaelekeza wasomaji huko. Kwa hiyo, kila jina la namna hii liwe na mrithi anayejulikana, mwenzake wa idarani au mwanafunzi wake, kabla halijaandikwa katika marejeo ya mtu yeyote.