NANI ANATUCHAGULIA LA KUSIKIA?



Sisi watu wa Tunduma tunaujua mpaka. Malori yaendayo Zambia na Congo hupita katika kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, nyaraka zikakaguliwa, na mwenye mzigo akajua nani kamzuia na kwa sababu gani. Lakini upo mpaka mwingine ndani ya simu zetu, ambao afisa wake haonekani wala hatoi sababu. Huyo ndiye anayeamua habari ipi ikufikie na ipi isikufikie.

Tangu Desemba 2009 Google ilianza kumpa kila mtafutaji majibu yanayofuata aliyoyabofya huko nyuma, hata asiyejiandikisha kwao. Mwaka 2011 Mmarekani Eli Pariser aliandika kitabu kizima kuitahadharisha dunia juu ya jambo hili. Mwaka 2018 Neal Mohan, wakati huo mkuu wa bidhaa wa YouTube, alieleza kuwa zaidi ya asilimia 70 ya muda wa kutazama video hutokana na zile zilizopendekezwa na mtambo. Kisha mtu anatuambia, "Mimi najichagulia mwenyewe!" Umejichagulia lini?

Tazameni Ramadhani inapokaribia. Wawili waliosimama safu moja, bega kwa bega, wanafungua simu. Wa kwanza, kwa kuwa jana alisikiliza mawaidha ya mwandamo wa kimataifa, analetewa mengine kumi ya namna hiyo. Wa pili analetewa kumi ya mwezi kuonekana nchini. Kila mmoja anaamini kuwa Umma wote uko upande wake, na kwamba mwenzake ni mkaidi au, Allah atuepushe, mzushi. Mtambo haukuuliza dalili ya yeyote. Unachojua ni kuwa mwenye hasira haiweki simu chini, na kila dakika anayokaa nayo ni pesa ya matangazo.

Wapo watakaosema tunakuza jambo. Mwaka 2018 Facebook yenyewe ilikiri kuwa haikufanya vya kutosha kuzuia jukwaa lake lisitumike kuchochea utengano na vurugu Myanmar, walikouawa na kufukuzwa ndugu zetu Warohingya. Wala tusiende mbali: mji huu wa Tunduma ulitumbukia katika vurugu Aprili 2013 kwa mgogoro wa nani achinje. Tunajua ni nini kila upande kusikia maneno ya upande wake tu.

Katika Suratul Hujurat Allah (S.W.) ametuamrisha tuihakiki habari inapoletwa na fasiki. Fasiki angalau ana uso, jina na majirani wanaomjua. Mtambo hauna hata kimoja, na bado baadhi ya walimu wetu (hatumtaji mtu) huandaa hotuba ya Ijumaa kwa kilicholetwa na simu asubuhi ile ile!

Tunazitaka kamati za misikiti ya Tunduma, Vwawa na Mlowo, kabla ya Shaaban kumalizika, ziwakalishe masheikh wa pande zote mbili za mwandamo mbele ya jamaa moja, baina ya Magharibi na Isha, vitabu vikiwa mezani na simu zimezimwa.