Ukimsajili mtoto kwa mpira, umesajili na damu yake

Kila mwanzo wa mwaka, kabla hata ya karo kulipwa, shule nyingi za upili katika ukanda huu wa Ziwa Victoria huwa zimekwisha kuanza msimu wao wa kandanda. Walimu wa michezo na wajumbe wao huzunguka kutoka Usenge hadi Ndori, kutoka Asembo hadi Ugunja, wakimwulizia kijana fulani aliyeonekana akiwapiga chenga wenzake katika mashindano. Akipatikana, mzazi huahidiwa kwamba karo itapunguzwa au itafutwa kabisa, sare itatolewa na kitanda bwenini kitakuwapo. Mama anayejipatia riziki kwa kuuza omena hawezi kuipa kisogo neema ya namna hiyo.

Sina ugomvi na desturi hiyo. Shule kama Kakamega High, Musingu, Barding na Kisumu Day zimejijengea jina kwa mpira, na vijana wengi wa maskini wamepata elimu kupitia miguu yao. Victor Wanyama na kaka yake McDonald Mariga walipitia Kamukunji, Nairobi, kabla ya ulimwengu kuwajua. Tena mtaala mpya umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu ambazo mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kufuata. Mpira si mchezo wa kupoteza wakati tena.

Ninalouliza mimi, kama daktari wa kawaida hapa Bondo, ni hili: hao wanaomsajili kijana wanajua nini juu ya mwili wake? Wanajua kasi yake, mguu anaopigia na idadi ya mabao aliyofunga. Ni wachache mno wanaojua kama moyo wake ni mzima, au damu yake ni ya aina gani. Fomu ya afya ambayo mwanafunzi hutakiwa kuja nayo shuleni huletwa kwetu dakika ya mwisho, mara nyingine na mjomba, mtoto mwenyewe akiwa hayupo. Kinachotakiwa ni mhuri tu.

DAMU YA WATU WA ZIWANI

Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyekulia nchini Kenya na kusomea Oxford, alipima damu ya makabila mbalimbali ya nchi hii. Aligundua kwamba miongoni mwa watu wa Pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wakibeba chembe ya selimundu. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Baadaye alichukua wanaume Waluo 30 waliojitolea, akawaambukiza malaria. Kati ya 15 wasiobeba chembe hiyo, 14 walipatikana na vimelea vya malaria. Kati ya 15 waliokuwa wakiibeba, ni wawili tu. Allison alichapisha matokeo hayo mwaka 1954, na tangu hapo tumejua kwa nini chembe hii imekaa kwetu karne na karne: humkinga mtoto asiuawe na malaria.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Mtoto aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa baba na mama pia ni mgonjwa. Huumwa mifupa, hupungukiwa na damu, na huhitaji matibabu maisha yake yote. Lakini aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa. Huitwa mbebaji. Hula, husoma, hucheza na huzeeka kama watu wengine, na wengi huingia kaburini bila kujua kwamba walikuwa wabebaji. Katika timu ya wachezaji 18 kutoka sehemu zetu, si ajabu kuwapata watatu au wanne wa namna hiyo.

Shida hutokea pale mbebaji anapokimbizwa kupita kiasi, bila kupumzika, katika joto, akiwa na upungufu wa maji mwilini. Oksijeni ikipungua sana katika misuli, baadhi ya chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Misuli hufa, na sumu yake hufurika katika damu. Hiyo huharibu figo na inaweza kuusimamisha moyo. Jambo hili hutokea mara chache, lakini likitokea huua haraka.

MKASA WA HOUSTON

Wamarekani walijifunza hayo kwa uchungu, na waliyajifunza katika usajili wa wachezaji. Vyuo vikuu vyao huwawinda vijana wa shule za upili kwa futiboli yao ile ya kofia ngumu, huku vikiwapa masomo ya bure, kama vile shule zetu zinavyofanya na kandanda. Septemba 2006, Dale Lloyd, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, aliamriwa pamoja na wenzake kukimbia mbio fupi za yadi 100 mara 16. Alianguka. Siku iliyofuata akafariki dunia. Alikuwa mbebaji wa selimundu na hakuna aliyejua.

Wazazi wake walikwenda mahakamani. Kutokana na kesi hiyo, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kiliweka sharti mwaka 2010 kwamba kila mchezaji mpya katika daraja la juu apimwe selimundu, aonyeshe cheti cha kipimo cha zamani, au atie sahihi kwamba amekataa.

Je, na sisi tuige? Msomaji asiharakishe kujibu. Mwaka 2012, chama cha wataalamu wa magonjwa ya damu cha Marekani kilipinga sharti hilo. Hoja yao ilikuwa kwamba kipimo kikifanywa cha lazima, mbebaji atabaguliwa, na kocha atajiona ametimiza wajibu ilhali mazoezi yanabaki yaleyale ya kuua. Wakasema heri kubadili mazoezi kwa wote.

Jeshi la nchi hiyo linawapa haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba makuruta weusi waliokuwa wabebaji walikufa ghafla mazoezini karibu mara 30 zaidi ya makuruta weusi wenzao. Jeshi likabadili utaratibu: maji ya kutosha, vipindi vya kupumzika, na mazoezi yanayoongezwa pole pole kwa kila askari. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mwingine wa wanajeshi weusi wapatao 48,000. Wabebaji hawakuonekana kufa zaidi ya wenzao. Hatari ya misuli kuharibika ilikuwa bado juu kwao, lakini vifo vile havikuonekana. Kwa maneno mengine, maji na kivuli viliwaokoa watu.

MGENI NDIYE HUANGUKA

Hatari hii humwandama mgeni zaidi. Kijana aliyesajiliwa juzi anataka kuthibitisha kwamba hakuletwa bure. Karo yake iko miguuni mwake, naye anajua. Akiishiwa na pumzi hasemi. Akisikia misuli imelegea, atajilazimisha. Na kocha naye anataka kuona kama mali aliyoipata ni mali kweli, kwa hivyo siku ya kwanza tu anamzungusha uwanja mara ishirini saa nane mchana, au anampa mbio kama adhabu ya kuchelewa. Januari na Februari jua la Bondo halina huruma. Tena kuna imani potofu miongoni mwa baadhi ya makocha kwamba kunywa maji mazoezini ni dalili ya udhaifu.

Timu ikifaulu, hupelekwa kucheza mbali na nyumbani. Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Eldoret iko zaidi ya mita 2,000. Kule hewa ni nyepesi, na mbebaji aliyepanda basi jana huhitaji kuzoea kwanza. Akilalamika maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, huenda ni wengu. Asiambiwe kwamba ameogopa mechi.

Kocha na ajue dalili. Anayepatwa na mkakamao wa misuli hupiga kelele na kushika mguu uliokaza. Lakini huyu wetu hulegea, huketi chini, husema miguu imekataa, na huweza kuwa anazungumza vizuri kabisa. Asimamishwe hapo hapo, apelekwe kivulini, apozwe kwa maji, na afikishwe hospitalini bila kungoja kipenga cha mwisho. Mkojo wenye rangi ya chai ya mkandaa baada ya mazoezi ni dharura.

NINALOPENDEKEZA

Kwanza, kila shule inayosajili iwapunguzie wageni mzigo kwa majuma mawili ya mwanzo, maji yawe kando ya uwanja wakati wote, na mbio za adhabu zikomeshwe. Haya hayahitaji bajeti wala ruhusa ya mtu.

Pili, mtoto achunguzwe kwa mikono na masikio ya mhudumu wa afya, si kwa mhuri. Aulizwe kama amewahi kuzirai akikimbia, na kama katika jamaa yake kuna kijana aliyekufa ghafla. Moyo wake usikilizwe, maana wako vijana wetu wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanzia kooni. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon mwaka 2003 akiwa na miaka 28, mbele ya madaktari na kamera za dunia nzima. Itakuwaje kwa anayeanguka kwenye uwanja wa shule usio na hata machela?

Tatu, kipimo cha selimundu kitolewe kwa hiari ya mzazi na mtoto, na jibu libaki siri yao na daktari. Wakitaka kumwambia kocha, sawa, ila jibu lisibandikwe ubaoni wala lisiwe sababu ya kumfukuza mtu timuni. Tukiwafukuza wabebaji wote, tutaivunja nusu ya kandanda ya Nyanza bila sababu. Jibu hilo pia litamfaa kijana siku ya kuoa, kwa kuwa wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Nne, ahadi ya karo iandikwe, na iseme wazi kwamba mtoto akiumia au akigunduliwa na maradhi ataendelea na masomo. Bila hilo, hakuna mchezaji atakayetoboa siri ya maumivu yake, na ushauri wangu wote hapo juu utakuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Mzazi, mjumbe atakapobisha hodi kwako akimsifu mwanao, mkaribishe. Baada ya kukubaliana juu ya karo, mwulize kuna maji gani uwanjani, nani atamsikiliza moyo, na akivunjika mguu atasoma wapi. Asiyeweza kujibu maswali hayo hajawa tayari kupewa mtoto wa mtu.