Mboko ameshinda Montréal: sisi wa mashimo tunajifunza nini?

Usiku wa tarehe 7 mwezi wa 8 mwaka 2025, binti wa miaka 18 ambaye wazazi wake walitoka Kinshasa alisimama katikati ya uwanja wa Montréal, kule Kanada, kombe mkononi. Jina lake Victoria Mboko. Alimpiga Mjapani Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1, kwenye fainali ya mojawapo ya mashindano makubwa ya tenisi ya dunia.

Hapa Kindu habari ilifika asubuhi kwa telefone. Kijana mmoja wa Mikelenge, creuseur wa zamani wa Kalima, alinionyesha picha akasema: « Papa, ule mutoto ni wetu! » Nikamjibu: ni wetu kwa damu, lakini bendera aliyoibeba ni ya Kanada. Akacheka. Kiisha nikaona jibu langu lilikuwa fupi mno, maana ndani ya ushindi ule kuna mambo mengi yanayotuhusu sisi wa mashimo: nani anafanya kazi, nani anahesabu pesa, nani anagawa. Ndiyo maana ninaandika leo.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Mwanzo wa mwaka 2025 Mboko alikuwa namba 333 kwenye orodha ya dunia. Ni sawa na kusema hakuna aliyemjua. Alianza chini kabisa, kwenye mashindano madogo ambako kasha lote la pesa ni dola elfu 30 hivi, na kasha hilo wanagawana wachezaji wote. Alishinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata seti moja. Alipofika Montréal alikuwa namba 85, akaingia kwa mwaliko. Njiani aliwatoa Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina, na Osaka akawa wa nne: wote wanne wamekwisha kushinda yale mashindano makubwa tunayoita Grand Slam. Kwenye nusu fainali alianguka, mkono ukaumia, adui akabakiza pointi moja tu amalize mechi. Mtoto hakukubali. Baada ya ushindi ule akapanda mpaka namba 24.

Sasa tuje kwenye pesa, maana mtu wa sendika asipozungumza pesa anadanganya watu.

Mashindano haya ya Kanada yana miji miwili. Mwaka 2025 wanawake walicheza Montréal na wanaume Toronto. Jina moja, siku zilezile, na fainali zote mbili siku moja, tarehe 7. Mwanamume aliyeshinda Toronto, Mmarekani Ben Shelton, alipewa dola 1,124,380. Mboko alipewa dola 752,275. Tofauti ni zaidi ya dola elfu 370. Hakuna aliyesema Mboko alifanya kazi kidogo. Wanaume na wanawake wote kwenye mashindano hayo wanacheza seti mbili za kushinda. Shirika la tenisi ya wanawake limekwisha kutangaza tangu 2023 kwamba usawa utafika: mwaka 2027 kwa mashindano makubwa ambako wanaume na wanawake wanacheza pamoja, na mwaka 2033 kwa yale ambako wametengana. Kwa hiyo hata kwa matajiri, haki inakuja kwa kalenda.

Bamama wanaosoma hapa wanaelewa mbele yangu. Kwenye mashimo yetu mama twangaise anaponda mawe tangu asubuhi, mwingine anaosha, mwingine anabeba gunia mgongoni mpaka njiani. Jioni wanapogawa, wa kwanza kuhesabiwa ni PDG wa shimo, kiisha wachimbaji, na mama anapewa kilichobaki kwenye kopo. Ukiuliza sababu, unaambiwa: « Njo desturi. »

Kwenye tenisi pia ilikuwa desturi. Mwaka 1970 kulikuwa na mashindano Los Angeles ambako mwanamume mshindi alipaswa kupata dola 12,500 na mwanamke 1,500. Wanawake 9, kati yao Billie Jean King, walikataa. Wakaenda kucheza mashindano yao wenyewe Houston, wakatia saini mkataba wa dola 1 kila mmoja. Dola moja! Viongozi wa tenisi ya Marekani walitisha kuwafungia. Hawakurudi nyuma. Mwaka 1973 wakaunda shirika lao, na mwaka huohuo mashindano makubwa ya Marekani, US Open, yakalipa wanaume na wanawake sawa. Wimbledon ya Uingereza ilikubali mwaka 2007 tu. Hesabuni wenyewe: miaka 34 kati ya moja na nyingine. Wale 9 hawakungoja wote wakubali ndipo waanze.

Wanaume nao walikuwa na mgomo wao. Mwaka 1973 Niki Pilić wa Yugoslavia alifungiwa na shirikisho la nchi yake, na Wimbledon ikamkatalia kucheza. Wachezaji 81 wa sendika yao changa walisema: kama yeye hachezi, na sisi hatuchezi. Wakabaki nje. Mashindano yaliendelea bila wao, ndiyo, na watu walijaa uwanjani. Lakini tangu siku ile wakubwa walijua kwamba wachezaji wanaweza kusimama pamoja kwa ajili ya mtu mmoja. Kwetu, mchimbaji mmoja akifukuzwa kwa sababu aliuliza juu ya balansi, wangapi wanaweka nyundo chini? Kila mmoja ajijibu moyoni.

Nirudi kwa Mboko, maana kuna hadithi nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2022, kwenye majani ya Wimbledon, kulikuwa na fainali ya wasichana wadogo, wawili kwa wawili. Upande mmoja Mboko na mwenzake Mkanada Kayla Cross. Upande mwingine Mholanzi Rose Marie Nijkamp na Mkenya Angella Okutoyi, binti wa Nairobi. Walioshinda ni Okutoyi na mwenzake: 3-6, 6-4, 11-9. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mkenya kupata kombe la Grand Slam. Okutoyi alimpoteza mama yake siku ya kuzaliwa, yeye na pacha wake. Aliyewalea ni bibi yao, aliyekuwa akifanya kazi ya usafi kwenye shule moja ya Nairobi.

Mashindano ya watoto hayalipi pesa. Unapewa kombe, unarudi nyumbani. Na tenisi si kama mupira wa miguu ambako timu inakulipia ndege na chakula. Mchezaji wa tenisi ni kama creuseur: anajitegemea. Tiketi ni yake, hoteli ni yake, kocha ni wake, na akishindwa mechi ya kwanza anarudi na deni. Okutoyi alichukua njia ya chuo kikuu, akaenda kusoma na kucheza Auburn, Marekani. Mwaka 2024 akaleta medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Ni msichana wa kuheshimiwa sana. Mboko yeye alikuwa na shirikisho la Kanada nyuma yake: viwanja vya ndani wakati wa baridi, makocha, kituo cha taifa palepale Montréal.

Sisemi kwamba pesa peke yake ndiyo imempandisha mmoja mpaka namba 24. Jasho la Mboko ni jasho la kweli, na alipata majeraha kama wengine. Ninachosema ni hiki: siku ile ya 2022, mkono wa Nairobi ulikuwa sawa na mkono wa Toronto, hata uliushinda. Kilichofuata si mkono tu. Na tukisema « mutoto ni wetu », tujiulize pia: kama wazazi wake wangebaki nchini, angekuta uwanja wapi? Hapa Kindu tuna Maniema Union, na tulifurahi sana ilipofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Lakini hata yenyewe ilienda kupokea wageni Kinshasa.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Baada ya Montréal wachezaji walienda New York kwa US Open. Kasha la mwaka 2025 lilikuwa dola milioni 90, kubwa kuliko yote yaliyokuwa yametolewa kwenye tenisi mpaka wakati ule. Mshindi alipata milioni 5. Aliyeshindwa mechi ya kwanza, dola 110,000. Mtu atasema: basi wameshiba, wanalia nini? Lakini mwezi wa 3 mwaka huohuo wachezaji wa juu kabisa, wanaume na wanawake, waliwaandikia wenye Grand Slam zote nne. Hawakuomba tu zawadi kubwa. Waliomba sehemu yao ya mapato yote ihesabiwe, waliomba mchango kwa matibabu, pensheni na uzazi, na waliomba kukaa mezani maamuzi yanapofanywa. Mwezi huohuo sendika nyingine, ile iliyoanzishwa na Novak Djokovic na Vasek Pospisil mwaka 2020, ilipeleka wakubwa wa tenisi mahakamani New York.

Angalieni swali lao. Hawaulizi « mumetupa ngapi? » Wanauliza « mumeingiza ngapi, na sisi ni sehemu gani ya hiyo? » Swali la kwanza ni la mtu anayeomba. La pili ni la mtu anayejua kwamba bila yeye hakuna kazi.

Sisi tunaishi kwenye swali la kwanza. Mwezi wa 3 mwaka 2025 vita ilipokaribia Bisie, kule Walikale, kampuni kubwa ilisimamisha uchimbaji, na mgodi ule peke yake unatoa karibu asilimia 6 ya etain ya dunia. Bei ikaruka kwenye soko la London. Redio ilisema, hata sisi tulisikia. Nikaenda kumuuliza mnunuzi mmoja hapa kwetu: bei ya kilo ya cassitérite itapanda lini? Akajibu: njia ni mbaya, Goma na Bukavu zimefungwa, usafiri ni ghali, hatuwezi. Ni kweli njia ni mbaya, simkatalii. Lakini bei ya London ikishuka, habari inafika shimoni siku hiyohiyo, bila kujali njia. Ikipanda, inakwama matopeni. Na etain hiyo ndiyo inayounganisha vyuma vidogo ndani ya telefone, ileile ambayo kijana alinionyeshea picha ya Mboko.

Rafiki yangu mmoja, négociant, aliniambia: « Wewe unachanganya mambo. Mboko watu wananunua tiketi kumuona. Creuseur nani atamnunulia tiketi? » Ana haki kidogo. Mchezaji ana jina, na mchimbaji hana. Ukimfukuza mmoja, kesho wako kumi wanangoja. Kwa hiyo nguvu yetu haiwezi kuwa jina. Itakuwa idadi, na itakuwa daftari. Wale 9 wa Houston walijua tarakimu mbili, 12,500 na 1,500. Bila tarakimu zile wangelalamika tu, na wakubwa wangewaambia watulie.

Basi ninaomba jambo dogo kwa kila timu, Kalima, Kailo, Punia na kwingine. Nunueni daftari moja la shule. Kila juma andikeni mambo matatu: kilo zilizotoka, bei mliyolipwa, na bei ya etain London siku hiyo, ile redio au telefone inasema. Balansi ikipita, mtu wa timu apime jiwe moja analolijua uzito, aandike pia. Na mwandikaji mmoja kati ya wawili awe mama, kwa maana bamama twangaise ndio wanaoona gunia mara ya mwisho kabla halijafungwa na kutiwa etiketi.

Tutakusanya daftari hizo mwisho wa mwezi wa 11, tuzisome pamoja na watu wa koperative na wanunuzi wanaokubali kukaa. Asiyekubali kukaa, tutaandika pia kwamba hakukubali. Kijana wa Mikelenge amekwisha kununua lake. Kwenye ganda amebandika picha ya Mboko.