Pikipiki za umeme Tshopo: tope si shida kubwa, shida ni mahali pa kuchaji

KISANGANI – Pikipiki ya umeme inaweza kupita kwenye tope la Tshopo. Kinachotia shaka ni kama inaweza kwenda Banalia, kilometa 128 kaskazini mwa Kisangani, na kurudi, kwenye njia isiyo na mahali pa uhakika pa kuchaji betri.

Swali hilo linagusa sahani ya familia nyingi. Katika jimbo hili pikipiki inabeba abiria, magunia ya mchele, bidoni za mafuta ya mawese, dawa za vituo vya afya na akina mama wanaokwenda kujifungua. Mjini imechukua nafasi kubwa ya toleka, zile kinga za abiria zilizowalisha vijana wengi wa Kisangani wakati wa vita.

Kazi yote hiyo inategemea esansi inayotoka mbali. Inapanda kwa mto kutoka Kinshasa, safari ya kilometa 1,700 hivi, au inakuja kwa lori kutoka upande wa Uganda kupitia Ituri. Meli ikichelewa au barabara ikikatika, bei inapanda haraka kwa akina kadafi, wauzaji wa esansi ya chupa kando ya barabara. Motari analipa bei hiyo, na jioni bado anapaswa kumpelekea mwenye pikipiki pesa yake ya kila siku.

Ndiyo maana habari za nchi jirani zinafuatiliwa. Mjini Nairobi kampuni kama Roam, Spiro na Ampersand zimeweka pikipiki za umeme barabarani, na Zembo inafanya kazi hiyo Kampala. Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazoandikishwa mjini Kigali ziwe za umeme. Katika miji hiyo motari wengi hawasubiri betri ijae. Wanaingia kituoni, wanaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa, kazi ya dakika chache.

Lakini hiyo ni miji yenye lami na vituo vilivyo karibu karibu. Barabara za Bafwasende, Opala au Ubundu ni jambo lingine.

Moteri yenyewe inafaa

Kwa upande wa moteri, umeme una faida kwenye njia mbaya. Nguvu ya kuvuta inakuja mara tu gurudumu linapoanza kuzunguka. Pikipiki nyingi za aina hii hazina ambreyaji ya kuungua wala vitesi vya kubadilisha katikati ya tope. Moteri haivuti hewa, kwa hiyo mtu anapovuka kijito haogopi maji kuingia kwenye silinda au kuzima buji. Kinachotakiwa ni betri na nyaya zilizozibwa vizuri.

Ulaya tayari inatengeneza pikipiki za umeme za porini. KTM ya Austria imeuza Freeride E kwa miaka mingi. Stark Future, yenye makao yake Hispania, inauza Varg, inayoshindana na pikipiki kubwa za esansi kwenye motokrosi. Lakini bei yake ni kubwa, na imetengenezewa mchezo: mtu mmoja anaruka vilima kwa saa chache, kisha anairudisha kwenye gari. Haikutengenezewa abiria wawili na gunia la mchele.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Tshopo unatoka Afrika Kusini. Kampuni ya Cake ya Sweden ilishirikiana na chuo cha Southern African Wildlife College kuwapa walinzi wa wanyama pikipiki za umeme zinazochajiwa kwa jua. Sababu moja ilikuwa ukimya: jangili hasikii pikipiki ikija. Sababu nyingine ilikuwa kuondoa mzigo wa kusafirisha esansi hadi porini. Nchini Kenya, mwaka 2021, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, nalo lilizindua majaribio ya pikipiki za umeme katika msitu wa Karura, Nairobi.

Mifano hiyo miwili ina jambo moja la pamoja. Pikipiki zinatoka mahali pamoja asubuhi, na kurudi hapo hapo jioni kuchajiwa.

Hesabu ya Banalia

Betri moja ya pikipiki za kazi zinazotumika Nairobi ina nguvu ya kilowati-saa 3 hivi. Kwenye barabara nzuri inakwenda kilometa 70 hadi 80. Kwenye tope, mchanga na vilima, tena na mzigo, kilometa hizo zinapungua sana.

Kwa hiyo kwenda Banalia kunahitaji betri mbili hata kama barabara ingekuwa nzuri. Kwenda na kurudi kunahitaji nne, na msimu wa mvua hata hizo zinaweza zisitoshe. Kila betri ina uzito wa kilo 20 au zaidi. Betri mbili za akiba zinachukua nafasi ya abiria au ya gunia, na ndizo zinazomlipa motari.

Upande wa pili, litre 5 za esansi zina uzito usiofika kilo 4. Pikipiki ya sentimita-kyubu 125 inaweza kufika Banalia kwa kiasi hicho, na kule kijijini kadafi yupo na chupa zake. Hapo ndipo esansi bado inashinda, hata ikiwa ghali.

Umeme wenyewe uko wapi?

Kisangani ina bwawa lake kwenye mto Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950. Kituo hicho cha SNEL kina mitambo mitatu yenye uwezo wa karibu megawati 18 ikifanya kazi yote. Kwa mji uliopita watu milioni moja, hiyo ni kidogo. Na mtambo mmoja ukiharibika, mitaa mingi inaingia gizani. Motari anayetegemea delestaji iishe ndipo achaji hana uhakika wa kutoka asubuhi.

Nje ya mji, vijiji vingi havina waya wa SNEL kabisa. Kuchaji kwa jenereta ni kurudi kwenye esansi ile ile kwa mlango wa nyuma. Linalobaki ni jua. Ili kujaza betri moja ya kilowati-saa 3 kwa siku, zinahitajika pano nne hivi za wati 300, na siku za mawingu hazitafikisha kiasi hicho. Kituo kidogo cha jua kinaweza kuhudumia pikipiki mbili au tatu za kituo cha afya. Hakiwezi kuhudumia foleni ya motari 50 wa sokoni.

Fundi na vipuri

Pikipiki ya esansi ikizima njiani, fundi wa kijijini anaifungua chini ya mti kwa funguo chache. Anasafisha karbireta, anabadilisha buji, safari inaendelea. Ya umeme haina vitu vingi vya kuharibika, lakini kifaa chake cha elektroniki kikiungua, hakuna wa kukitengeneza kati ya Kisangani na Buta.

Hatari nyingine ni kampuni yenyewe kuanguka. Cake, ile iliyowahudumia walinzi wa Afrika Kusini, ilifilisika mwanzoni mwa 2024. Motari aliyekopa dola kununua pikipiki ya kampuni moja, yenye betri isiyoingia kwenye pikipiki nyingine, anaweza kubaki na deni pamoja na chuma kisichotembea.

Pa kuanzia

Hayo yote hayafungi mlango. Yanaonyesha wapi pikipiki ya umeme inaweza kulipa leo na wapi haiwezi.

Inaweza kulipa katikati ya mji, na kwenye safari kama ile ya uwanja wa ndege wa Bangboka, umbali usiofika kilometa 20. Inaweza kulipa Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako hakuna daraja na kila bidoni ya esansi inavushwa. Inaweza kuwafaa wauguzi wanaopeleka chanjo vijiji vya karibu, na walinzi wa misitu wanaolala kambi moja, ikiwa kambi hiyo ina pano zake.

Kipimo rahisi kwa anayetaka kununua ni hiki: safari ya kwenda na kurudi isizidi nusu ya kilometa zilizoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Nusu nyingine ni ya tope na mzigo. Kabla ya kutia saini, aulize pia nani atabadilisha betri ikichoka, kwa bei gani, na kama fundi yuko Kisangani au Kinshasa.

Kwa njia ndefu za Banalia, Bafwasende na Opala, jibu kwa sasa ni hapana. Litabadilika pale vituo vya kubadilishia betri vitakapowekwa kila kilometa 30 au 40, vyenye umeme wao wenyewe na mtu wa kuvilinda. Uwekezaji huo motari mmoja hawezi kuubeba peke yake, hata akiuza pikipiki aliyonayo.