Kabla ya Kupiga Filamu, Tujaribu Kwanza!

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hii tumeiimba tangu shule ya msingi, lakini likija suala la filamu ya chama, mbona twaisahau? Kila mtu hukimbilia kamera, kisha siku ya kuhariri ndipo vilio huanza.

Maoni yangu ni haya: chama kitenge Jumamosi moja ya majaribio kabla ya siku ya kupiga filamu yenyewe.

Wapo watakaosema ati huko ni kupoteza wakati, kwa kuwa siku hizi simu hufanya yote. Ebu tutazame historia. Baada ya mapinduzi ya 1917 huko Urusi, mikanda ya filamu iliadimika mno. Lev Kuleshov na wanafunzi wake jijini Moscow walifanya mazoezi ya filamu bila mkanda, wakiigiza tukio baada ya tukio kana kwamba kamera inawanasa. Mmoja wao, Vsevolod Pudovkin, alikuja kuwa mwongozaji mashuhuri. Ikiwa waliokosa mkanda walijaribu, sisi tunaorekodi na kufuta bila malipo tuna kisingizio gani?

Tujaribu nini basi? Kwanza, mwanga. Umeme wa Kenya huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na zile taa ndefu za darasani huweza kumetameta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera huona, na picha ikajaa mistari. Mara nyingi dawa yake ni kuweka kasi ya shata kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde. Dakika tano tu zatosha kugundua hayo.

Pili, sauti. Simu ikiwa mbali na mwigizaji hunasa upepo na kelele za uwanjani kuliko maneno. Nasi ni chama cha Kiswahili! Mazungumzo yasiposikika, methali zetu na lafudhi tuliyoinoa muhula mzima ni kazi bure.

Tatu, uhariri. Piga vipande viwili: mtoto akimwuliza mamake swali, na mama akijibu. Viunganishe kwenye kompyuta. Ikiwa wote wawili wanatazama upande wa kulia, mtazamaji atadhani kila mmoja anazungumza na mtu mwingine. Afadhali kuliona kosa hilo Jumamosi hiyo kuliko mbele ya waamuzi.

Tukumbuke kwamba kamera aghalabu ni ya kuazima, na waigizaji wana masomo na mitihani. Kuwaita tena kurudia kazi nzima kwa sababu hatukujaribu ni kuwaibia wakati wao.

Walimu walezi, twawaomba mtupe Jumamosi hiyo. Nanyi wenzangu, shime! Usipoziba ufa utajenga ukuta.